Kisima Tulichokifukua Somalia

Mwaka 2017 nilikuwa mlinzi wa getini kwenye maghorofa ya kupangisha huko Randburg, kusini kabisa mwa Afrika, na nyumbani kwangu kulikuwa Turffontein. Hakuna jirani aliyejua kwamba kwetu Burundi nilikuwa mwanajeshi. Mkimbizi akisema aliwahi kushika bunduki, watu huanza kumtazama vingine. Kwa hiyo mimi na mke wangu tulikubaliana kukaa kimya.

Jumamosi moja mchana niliingia kununua mkate kwenye spaza, kiduka cha Msomali mmoja mtaani kwetu. Mama yake, ambaye hakuwa na muda mrefu tangu aje kutoka Somalia, alikuwa ameketi nyuma ya kaunta akila. Ghafla akapaliwa, akanyoosha mkono. "Biyo! Biyo!"

Mwanawe alikuwa juu ya ngazi akipanga sabuni. Nikatoa chupa ya maji kwenye friji, nikaifungua, nikampa yule mama. Akanywa, akapumua.

Mwanawe akashuka. Aliwahi kuishi Nairobi, Kiswahili alikijua vizuri.

"Kaka, nani alikufundisha Kisomali?"

Ningeweza kumjibu kwamba nimesikia tu mitaani. Lakini uso wa yule mama ulinizuia.

"Nilikuwa mwanajeshi huko kwenu. Kikosi cha Burundi cha kulinda amani."

Akamtafsiria mama yake. Mama akasema maneno machache, bila kuniondolea macho.

"Mama anauliza, wewe ni mmoja wa wale waliokuwa wakipiga mizinga?"

"Mwambie ndiyo, tulipiga, na sisi tulipigwa. Lakini kama ana nafasi, nimweleze pia habari ya kisima."

Mama akaitikia kwa kichwa. Nikaeleza nikiwa nimesimama, mkate mkononi, na mwanawe akitafsiri.

Tulitumwa kuuteka mji mdogo uliozungukwa na jangwa. Malori yalizama mchangani, tukawa tunayafukua kwa sepetu na kwa mikono, huku wengine wakilinda. Mchanga uliingia machoni, kwenye chakula, kwenye mtutu wa bunduki. Chuma kikikaa juani hukishiki. Maji tuliyobeba yalikuwa ya kulowanisha koo tu, na midomo ilitupasuka hadi kucheka kukawa kazi.

Tulipoingia mjini baada ya mapigano, adui alikuwa ameondoka. Kisima cha pale, karibu na msikiti, alikuwa amekijaza mawe na punda aliyekufa. Wanawake walisimama kwa mbali, wameshika madumu matupu, wakitutazama. Kamanda alitaka tujichimbie mahandaki kwanza, na alikuwa na haki. Lakini sajini wetu, mtu wa Gitega asiye na maneno mengi, akamwambia, "Afande, hawa watu tukiwaacha hivi, tumekuja kufanya nini?"

Kamanda akawatazama wale wanawake, kisha akatugawa: nusu kwenye mahandaki, nusu kwenye kisima.

Tulishuka kwa zamu, kamba kiunoni, kitambaa puani. Harufu ile sijawahi kuisahau. Ukitoka, unatapika, unakaa kivulini, unarudi. Asubuhi iliyofuata makombora ya adui yalikuwa yakitua kuzunguka mji, na moja lilimuua rafiki yangu aliyekuwa ameshika kamba yangu. Mimi nilikuwa chini. Wenzetu wakaidaka kamba kabla haijadondoka kisimani, wakanivuta. Tulimsitiri rafiki yangu kwa blanketi lake, tukasimama kidogo, kisha sajini akajifunga kamba mwenyewe akashuka.

Maji yalitoka ya kahawia, baadaye yakatakata. Koo zetu zilikuwa zimekauka kama ngozi, lakini sajini aliamuru wanawake wachote kwanza, na hakuna askari aliyenung'unika. Nilisimama pale na bunduki yangu nikiwatazama wakijaza madumu, na kwa mara ya kwanza tangu nivae magwanda nikajua kwa nini nimeyavaa.

Nilipomaliza, yule Msomali alikuwa amewaacha wateja walioingia wakisubiri. Mama yake akauliza jina la mji. Nikalitaja. Akaweka kiganja kifuani, akazungumza kwa muda mrefu.

"Anasema si kwao," mwanawe akatafsiri, "lakini dada yake aliolewa pale. Walikimbia, kisha wakarudi kwa sababu waliambiwa kuna maji. Mpaka leo wapo." Akamtazama mama yake. "Anasema pia nyumba ya binamu yetu ilivunjwa na mizinga. Anataka ujue yote mawili."

"Mwambie nimesikia yote mawili."

Mama akanyanyuka, akanivutia kiti chake mwenyewe, akamwagiza mwanawe alete chai. Nilikunywa nimekaa wima, kama tulivyosimama kwenye gwaride. Nilimfikiria rafiki yangu, na sikuinamisha kichwa.

Nyumbani nilimweleza mke wangu. Alikuwa akipiga pasi sare yangu ya ulinzi.

"Umewaambia? Sasa mtaa mzima utajua."

"Wajue," nikasema, nikaketi kuvua viatu.