Roho Haikai Kichwani Peke Yake

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka hata nisipotaka. Nilikuwa nimerudi nyumbani Endagikot likizo, mwaka wangu wa pili wa falsafa seminarini, kichwa kimejaa walimu wa Ulaya wa zama za kati. Nilidhani nawajua. Kumbe kukariri si kuelewa.

Mama alikuwa amerudishwa kutoka hospitali, Haydom, baada ya kupata kiharusi. Hasemi, hanitambui. Shangazi alikuwa akimlisha uji kwa kijiko, nusu unamwagikia shingoni. Nikamwambia baba, palepale kando ya kitanda, "Baba, tusijidanganye. Akili imeondoka. Huyu si mama tena, umebaki mwili tu."

Baba akachukua kitambaa, akampangusa mama uji shingoni. Aliyejibu ni Mzee Paskali, katekista wetu, aliyekuja kumwombea mgonjwa.

"Hao walimu wako wa kale wanasema roho inakaa wapi?"

Nikajibu kwa majivuno, "Wanasema roho ni nzima katika mwili wote, na nzima katika kila kiungo."

"Hata kwenye mkono uliopooza?"

"Hata huo."

"Basi ushike, umwombe mama yako radhi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

Nikamtazama mama. Machozi yalikuwa yakimtoka taratibu, kwenye jicho moja tu. Alikuwa amesikia. Aibu ikanishinda, badala ya kumshika nikatoka, nikajifanya naenda kuangalia ng'ombe. Kesho yake nikapanda basi bila kumuaga. Nilijiambia nitaomba radhi Pasaka.

Hakuifikia Pasaka. Baba hakunilaumu hata mara moja, mpaka naye akafa, na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko fimbo.

Ninyi siku hizi mnasoma habari za ubongo, mnaona hata picha zake kwenye simu. Someni, ni elimu njema. Lakini wale wa zama za kati waliuliza swali ambalo picha hailimalizi: mtu ni nani, kumbukumbu zake zikimtoka? Wengi wao walikataa kumgawa mtu, akili huku, mwili kule. Mimi jibu lao nililiandika vizuri kwenye mtihani, nikashindwa kuliishi mbele ya mama yangu.

Kwa hiyo, mwanangu, usimseme mgonjwa kana kwamba hayupo. Ukikosea, omba radhi siku hiyohiyo, hata usipoona dalili kwamba anakusikia. Mungu akupe ulimi mzito wa kuhukumu na miguu myepesi ya kurudi, na wazee wako wasiondoke duniani na neno lako chungu masikioni.