Glavu za Mpeleka Barua

Mpeleka barua wa mtaa wetu hapa Oulu hapimi glavu kwa mkono, anazipima kwa shavu. Tangu theluji ianze amekuja dukani kwa Tuulikki mara tatu. Anaegemeza baiskeli pale pale ukutani, anafuta pua, kisha anaomba glavu za betri, zile zinazojipasha moto zenyewe. Anaziwasha, anaziweka shavuni, anafumba macho, halafu anazirudisha taratibu kama mtu anayemlaza mtoto. Jana Tuulikki akamtania, "Mzee, unanunua au unazibusu? Zivae basi, ujue joto lake."

Akazivaa, akaitazama mikono yake. Kisha akasema, kwa sauti ile ile anayotusalimia nayo mlangoni, "Dada, hebu tia mkono wako wewe. Vidole vyangu baridi ya mwaka jana ilivifisha. Baridi ikiuma sijui, moto ukiunguza sijui. Daktari kasema vikiganda tena, baiskeli basi." Tuulikki akaacha kucheka. Akaingiza mkono, akangoja. "Kidole cha mwisho hakipati kitu," akasema, akafungua boksi jingine, na jingine, mpaka jasho likamtoka. Jozi ya tano ilifikisha moto hadi kwenye kucha. Akamvisha mwenyewe, akabonyeza kitufe cha joto mara mbili. "Usifike tatu, mzee. Tatu inaunguza, nawe hutajua." "Mbili," akajibu mpeleka barua, na akawa analirudia neno hilo polepole mpaka mlangoni.