Nyumba Yetu Ilipowekwa Mwiko

Walioshika blanketi walikuwa watatu, na nawataja. Wa kwanza shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, aliyejifanya daktari tangu alipoenda Arusha akarudi na simu kubwa. Wa pili mzee wa kanisa wa mtaa wetu. Wa tatu mume wangu mwenyewe. Yeye alishika pindo la nyuma, ananionea huruma, lakini hakuachia.

Ilikuwa wakati wa korona, hapa hapa Gendabi. Mimi nina pumu tangu nikiwa msichana. Baridi ya mlimani ikishuka, kifua kinapiga filimbi, nalala nimekaa. Nesi wa zahanati, mgeni aliyeletwa kutoka Tanga, alikuwa ameniambia mapema, "Mama, ugonjwa huu ukikuingia wewe, nitakudanganya nikisema utapona. Kaa mbali na watu. Na nyungu usijaribu, ule mvuke utakubana."

Nikarudi nyumbani nikawaeleza. Shemeji akacheka mpaka akashika ukuta.

"Nesi wa pwani anajua nini? Huku kwenye simu kila mtu anapiga nyungu."

Wakachemsha majani ya mkaratusi na malimao, wakanikalisha mbele ya sufuria, wakanifunika. Mle ndani hewa ilikatika. Nilipiga ngumi, nikapiga na miguu. Nikamsikia mzee wa kanisa akisema, "Mshikeni vizuri, hiyo ni korona inatoka." Mtu anakufa, wao wanaona ugonjwa unatoka!

Aliyenifunua ni mama mkwe. Alikuwa zizini, akasikia kishindo. Alilivuta blanketi kwa mkono mmoja na sufuria akaipiga teke, maji yakamrukia shemeji mguuni. Baka lake analo mpaka leo. Akija kukaa kwetu huwa naliangalia.

Nilipotulia, mama mkwe akaniuliza, "Yule binti wa zahanati alisema nini hasa?"

Nikamwambia: nisishikane mikono na watu, watu wasijazane ndani kwangu, nisichangie kikombe.

Akawaza kidogo. "Kumbe hayo si mageni. Hiyo ni metimani."

Kwa asiyejua, zamani kwetu Wairaqw nyumba ikipatwa na jambo zito, tuseme mama amefiwa na mtoto anayenyonya, ilitengwa. Wenye nyumba hawaendi kwa watu, na watu hawaingii kwao. Hawaombi moto, hawachangii chombo, mpaka miezi yake iishe. Kanisa liliikemea, vijana wakaicheka, ikafifia. Lakini ilififia midomoni tu. Miguuni mwa watu ilikuwepo.

Mimi nilikuwa nimeshawaomba watu kwa adabu, tena nimevaa barakoa. Haikusaidia. Kwetu kumzuia mgeni mlangoni ni tusi. Waliingia tu, wengine wakanishika mkono wakautikisa makusudi: "Unatuogopa? Sisi tunanuka?"

Basi, asubuhi mama mkwe alikata tawi la mgunga lenye miiba yake, akalilaza kwenye kijia cha kuingilia kwetu. Akamwambia jirani mmoja tu. Yule jirani akauliza, "Kuna msiba?" Akajibiwa, "Bado. Hatutaki uje." Ikatosha. Siku mbili tu, hata kuku wa watu walikuwa kama wamepata habari.

Mzee wa kanisa alikuja siku ya tatu, na koti lake la Jumapili.

"Bwana Yesu asifiwe."

"Amina. Simama hapo hapo," mama mkwe akamjibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, mambo haya ni ya kipagani. Sisi tuliyaacha."

"Mmeyaacha?"

"Kabisa."

"Basi vuka, karibu chai."

Alilitazama lile tawi. Akaangalia saa. Akasema amekumbuka ana kikao.

Mume wangu aliambiwa na mama yake achague upande. Akachagua ndani, na sisi wawili. Akahamisha mafiga nje ili moshi usinifikie, akajifunza kusonga ugali. Wa kwanza ulikuwa na madonge kama mawe ya mtoni, tukala. Nilimsamehe robo, baadaye nusu.

Na niseme ukweli, ile miezi ilikuwa mizuri. Tangu niolewe sikuwahi kupumzika namna ile. Hakuna wageni wa kupikia, hakuna anayekuja kuniuliza mbona nimekonda. Nilianika mahindi, nilipalilia maharage polepole, nikichoka nakaa. Maziwa tuliachiwa kwenye tawi, mwenye kuyaleta akarudi nyuma ndipo tukayachukua. Dawa yangu ya kuvuta, nesi aliituma hivyo hivyo. Mama mkwe alinisimulia mambo ya ujana wake, mengine siwezi kuyaandika, nikacheka mpaka nikaogopa kifua kitafunga. Hakikufunga.

Ndipo shemeji akarudi kutoka mnadani. Tulimsikia kabla hatujamwona, anakohoa tangu kule bondeni. Alikuwa na kilo mbili za nyama.

"Shemeji! Nimewaletea kitoweo. Ondoeni huo uchafu njiani, nipite."

"Iache nyama hapo, urudi," mama yake akasema.

"Mama, mimi si mtoto wako?"

"Ni mtoto wangu. Rudi."

"Mambo ya kizamani haya!" Akainua mguu kuvuka.

Mimi nilikuwa mlangoni, hatua kumi hivi kutoka kwake. Nilijua akivuka atakuja mpaka ndani, atakaa karibu yangu, atanikoholea, na pale pale nilipo ndipo safari yangu itaishia. Ule mguu ulining'inia juu ya miiba, ule ule wenye baka. Akamtazama mama yake. Mama hakupepesa macho. Mguu ukashuka, ukarudi ulikotoka. Akaiweka nyama chini, akaondoka anatukana mpaka tukaacha kumsikia.

Hiyo wiki haikuisha. Alipelekwa hospitali akawekewa mtungi wa hewa. Wawili aliokula nao mnadani siku ile ile waliugua pia, mmoja tulimzika. Yaani tulisikia tu amezikwa, hatukwenda.

Shemeji alipona. Chanjo ilipokuja nilichanjwa, na mama mkwe akasema sasa yatosha, njia ikafunguliwa. Shemeji akaja siku moja mchana, amekonda, suruali kaifunga kwa kamba. Nikamwekea kigoda nje kwenye upepo, nikampa makande.

Alikula kidogo, akanyanyua uso.

"Shemeji, kumbe kukosa hewa ndiko kule."

"Ndiko," nikamwambia.

Nikasubiri aongeze neno. Akaomba chumvi. Nikamletea.