Wembe Niliouacha Misikhu

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kichwa cha mtu. Nilipewa papai bichi. Bosi wangu, kinyozi Mhindi mwenye duka karibu na stesheni ya Kitale, alilipaka povu la sabuni, akanikabidhi wembe wa kukunja na kusema, "Nyoa. Maziwa ikitoka, hiyo ni damu ya mteja." Nililinyoa papai lile kutwa nzima, nalo likatoa utomvu kila nilipoligusa. Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu zangu, nimetoka Misikhu kutafuta kazi ya heshima, na hapo nimeketi nagombana na tunda. Niliona aibu, lakini sikuondoka.

Ninyi mliozoea nyembe za karatasi, zile za kutumia na kutupa, wembe wenyewe hamjauona. Wembe wa kukunja ulikuwa na mgongo mnene na makali membamba, ukalala ndani ya mpini wa pembe, mfupa au mpingo. Ulipopoteza makali uliunoa kwenye kinoo, yaani jiwe laini lililoloweshwa maji. Kisha kila asubuhi uliusugua kwenye mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia. Ukitanguliza makali, umekata mkanda na wembe umeuharibu, na kwa kosa hilo Mistri, ndivyo tulivyomwita bosi, hakuwa na lugha tamu.

"Wewe hapana chinja ng'ombe," alikuwa akiniambia. "Wembe nalala, ngozi navuta, mkono nanyamaza." Ndiyo kazi yote hiyo. Ilinichukua miaka kuielewa.

Baadaye Mistri alinipeleka kwenye klabu ya masetla, wale Wazungu wa mashamba, chini ya Bwana Meneja, mtu aliyetaka maji yawe moto na kinyozi awe kimya. Masetla walizungumzia mahindi yao huku nimewawekea makali kooni. Sijaona tena watu wanaomwamini hivyo mtu ambaye hata jina lake hawalijui. Wakati huo mashine ndogo za kunyolea zilikuwa zimeingia, na wengi wakawa wanazitupa nyembe za baba zao. Nikaziomba.

"Wewe nataka takataka hii kwa nini?" aliniuliza Bwana Meneja.

"Ni chuma kizuri, bwana."

Alicheka, lakini tangu siku hiyo akawa ananiletea mwenyewe. Ndivyo nilivyoanza kukusanya. Na Mistri alipostaafu kurudi kwao, alinipa wembe wake wa mkononi, wenye mpini wa pembe. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia nilifungua duka langu Bungoma, na wembe huo ndio niliowanyolea wateja niliowaheshimu.

Basi mama akafariki, huko nyumbani Misikhu.

Kwetu, baada ya maziko, waliofiwa hunyolewa vichwa. Asiyenyolewa hasalimiani na mtu kwa mkono wala haingii nyumba ya mwenzake. Anayenyoa ni shangazi, dada yake baba. Sisi watoto wa marehemu, tuwe tumenyolewa au la, hatukuruhusiwa kumnyoa mfiwa yeyote. Shangazi alikuja na kipande cha wembe wa karatasi, amekibana kwa vidole. Baba alipokiona akafunika kichwa kwa mikono.

Alikuwa na sababu. Alipofiwa na kaka yake, kipande kama hicho kilimchana kwenye kovu la utosini, na kidonda kikamtesa msimu mzima wa mvua.

"Hii kichwa ni yangu," alisema. "Si mtoto wangu ananyoa watu huko Bungoma? Aninyoe yeye, ama niachwe hivi."

"Hiyo haiwezekani, na wewe unajua," alisema mzee wa ukoo.

"Basi niachwe hivi."

Wakamwacha. Watu walipokuja kumpa pole alisimama kando, mikono nyuma. Alikuwa amempoteza mke wa ujana wake, na hakuna aliyeweza kumshika mkono. Iliniuma kuliko maziko yenyewe.

Nikaenda Bungoma, nikarudi na wembe wa Mistri. Mzee wa ukoo aliutazama. "Unajua ikinyoa matanga hairudi kazini? Inabaki hapa."

"Najua," nilisema. Roho iliniuma. Nilikuwa na nyembe nyingi, lakini hakuna uliotulia kwenye ngozi kama huo.

Nikaketi kwenye kigoda mbele ya baba. "Kinyozi hajinyoi, shangazi. Anza na mimi."

"Ati mimi? Si nitakukata, mtoto wangu."

"Nikate mimi ujifunze, usimkate baba."

Nikamfundisha nikiwa chini ya makali: laza wembe, inua mgongo wake kidogo tu, vuta ngozi kwa kidole gumba, ukifika kwenye mfupa punguza mwendo. Alinichana nyuma ya sikio, akataka kuacha. Nikamwambia aendelee. Kabla hajamaliza upande wa pili, sauti ya wembe ilibadilika, ikawa kama ya mtu anayefagia ua taratibu. Nikajua ameupata.

Baba aliinama kwenye beseni, akalowesha kichwa chake mwenyewe.

"Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji," alisema mzee wa ukoo, na watu wakacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Shangazi alipofika kwenye kovu nilikuwa nimebana mikono yangu katikati ya magoti, maana ilitaka kumnyang'anya wembe. Akalipita bila tone la damu. Baba akajipapasa kichwa, akainuka, akanipa mkono, na hatukuachana upesi. Mzee wa ukoo akaondoka na wembe. Sikumuuliza aliutupa wapi.

Sasa nimeacha kazi, vidole havitulii. Vijana huja kuzitazama nyembe zangu, wakaniomba hata mmoja. Huwa nawapa. Ila upo mmoja wa mpini wa mfupa ambao hawaugusi. Dada yangu, shangazi wa wanangu, nimekwisha kumfundisha, kwa wembe mwingine, kwenye kichwa changu hiki. Mvua zikiisha nautoa ule wa mfupa, nauweka kwenye kinoo, naunoa upya. Siku yangu siijui, na sitaki uwaumize watoto watakaponyolewa.