Harufu Kinywani mwa Baba

Juzi dada mmoja wa duka la dawa pale Msamala aliniwekea kopo la unga mezani, akaanza kulisifia. Huu ni unga wa ketoni, mama, unakoroga kwenye maji, unakunywa, basi hata ukipata mshtuko moyo hauendi mbio wala presha haipandi ovyo. Nikamwambia aniondolee takataka zake mbele ya macho yangu. Maskini, hakunikosea kitu. Ila neno hilo, ketoni, mimi lilinifikia likiwa limechelewa.

Baba alikuwa dereva wa lori la chama cha ushirika, akisomba tumbaku kutoka Namtumbo kuleta mjini. Soko huria lilipoingia, wanunuzi binafsi wakaja na magari yao, chama kikayumba, madereva wakaambiwa wakasubiri barua nyumbani. Barua gani! Tulikaa Matogoro tukingoja mpaka baba akaanza kuongea peke yake shambani. Kisha mnunuzi mmoja akatafuta dereva anayeijua ile barabara, akamchagua baba. Ikabaki kupimwa afya tu.

Hapo ndipo mwili ulipomwangusha. Nyumbani alikuwa mzima, jembe analishika tangu alfajiri. Lakini akiona tu ule mkanda wa presha unazungushwa mkononi, moyo unamdunda, jasho linamtoka, anawaza ile kazi inavyomponyoka. Walimpima mara tatu, zote juu. Daktari akamwambia arudi siku ya tano, na ikiwa bado iko juu, nafasi anapewa mwingine.

Wakati huo mimi nilikuwa mhudumu wa wodi. Kazi yangu ilikuwa kupiga deki na kumwaga vyombo vya wagonjwa, lakini nilijiona nusu daktari. Nilikuwa nimeona presha ya mama ikishuka kila alipofunga Kwaresima. Nikamwambia baba, "Usile. Siku nne, maji matupu. Itashuka, utaona." Hakuna aliyenituma. Domo langu tu.

Akaniamini. Alifunga kweli kweli, midomo ikamkauka, mama akanigombeza kwamba nataka kumuulia mume. Siku ya tano asubuhi kizunguzungu kilimshika hata akashindwa kuinama, nikapiga magoti nimfunge kamba za viatu. Alipoinamisha uso kunishukuru, nikasikia harufu kinywani mwake, tamu na chachu, kama pombe ya ulanzi inayoanza kukolea.

Yesu na Maria! Baba yangu hakuwahi kuonja pombe tangu alipopata kipaimara. Hata harusini alikunywa togwa, wenzake wakamtania kwa kumwita padri. Nililijua hilo kama nilivyozijua sala zangu. Na bado nikamwuliza, "Baba, umekunywa?"

"Twende," akasema.

Presha ilikuwa safi. Daktari akapima tena, safi vilevile, akafurahi na yeye. Kisha akasogea kumkagua macho, na papo hapo akarudisha kichwa nyuma. "Mzee, dereva gani anakuja kupimwa na pombe asubuhi yote hii?"

Baba aligeuka akanitazama mimi. Nilitakiwa kusema maneno machache tu, kwamba mtu huyu hajala siku nne na mimi ndiye niliyemwambia afunge. Sikuyasema. Niliona aibu ya kuwa mtoto wa mlevi, nikatazama sakafu.

Kazi akapewa mwingine. Mtaani wakasema kumbe ndiyo maana presha ilikuwa inampanda, mzee anakunywa kwa kujificha. Baba hakushika tena usukani maisha yake yote.

Miaka ikapita, nikapata nafasi ya kusomea uuguzi. Siku moja mwalimu akatueleza kwamba mtu akikaa siku kadhaa bila kula, mwili unachoma mafuta yake wenyewe na kutengeneza ketoni, na pumzi yake hunuka kama tunda lililoiva kupita kiasi. Wengine hudhani amelewa, akasema, na darasa zima likacheka. Mimi nilitoka nje nikalia mpaka kwikwi zikanishika.

Likizo ilipofika nilikwenda moja kwa moja Matogoro. Nikamkuta baba uani anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Nikamweleza yote bila hata kukaa. Nikamporomoshea matusi yule daktari, kwamba ni mjinga, hakusoma, amekuharibia maisha kwa jambo ambalo hata mwanafunzi analijua.

Baba aliendelea kupukuchua, gunzi likabaki tupu mkononi mwake.

"Yule usimtukane," akasema. "Yeye alikuwa hanijui."