Umelala Upande Gani?

Zahanatini walimwita Sista King'ang'anizi, na wala hakununa. Akishika jambo haachii, na mwaka ule alikuwa ameshika jambo la mofini. Sheria ilisema dawa ile kali ya maumivu iandikwe na daktari tu, na daktari alifika kila Alhamisi tu, akipita nyumbani kwa wagonjwa.

Tatizo, wagonjwa wenyewe ndio waliomwangusha. Siku ya daktari, fundi cherehani mmoja mzee, ambaye saratani ilikuwa imeingia mifupani, huvalishwa shati lililopigwa pasi na kuketishwa wima. Akiulizwa hali, hujibu, "Sijambo, daktari, nashukuru," maana mgeni yuko nyumbani kwake, na yeye hakulelewa kulilia wageni. Daktari anaandika: hana malalamiko. Gari la daktari likiondoka tu, fundi anauma kona ya mto.

Karatasi kama hizo ndizo zilizofika wizarani, na rasimu ya sera mpya ya afya ikatoka bila neno hata moja kuhusu mofini kwenye zahanati. Sista aliisoma kwa hasira mpaka chai yake ikapoa.

Tangu hapo hakuuliza hali tena. Aliuliza, "Usiku umelala upande gani?" Swali hilo halikuwa na jibu la adabu. Fundi alifikiri, akasema hakulala upande wowote. Wiki ya tatu sasa analala ameketi, paji la uso juu ya cherehani. Sista akaandika. Akapita nyumba arobaini nyingine, akaandika.

Kwenye kikao cha maoni kuhusu rasimu ile alipewa dakika tatu. Mwenyekiti akamkumbusha kwa upole kwamba fomu za madaktari hazionyeshi tatizo. Sista akafungua daftari, akasoma nyumba moja baada ya nyingine: ameketi, ameketi, amepiga magoti, ameketi. Dakika zikaisha, naye akaendelea kusoma. Kutoka safu ya nyuma akasimama daktari wa Alhamisi.

"Hao ni wagonjwa wangu," alisema. "Mimi niliuliza vibaya. Waruhusuni wauguzi."

Ilichukua miezi miwili, lakini sera ikapita na ruhusa hiyo ndani yake: muuguzi aliyefunzwa ataandika mofini siku yoyote. Fundi alikuwa amebaki mifupa na ubishi. Sista alimwandikia chupa ya kwanza siku ya Jumatatu.

Jumanne asubuhi alimkuta kitandani, cherehani imefunikwa kitambaa. Akamuuliza swali lake lile lile.

Fundi alikunja uso, akijaribu kukumbuka. "Nimelala, mwanangu," alisema. "Upande gani, sijui."