Nilimsingizia baba mkwe kuwa ndiye anayeimaliza betri ya gari langu

Admin, nisitiri jina, maana mke wangu pia anaufuata ukurasa huu. Mimi ni mwanamume wa miaka arubaini na mmoja, naishi Bongwe na mke na watoto watatu. Kazi yangu ni kubeba wageni wa hoteli za Diani kwa gari langu mwenyewe. Sikusoma. Umeme wa magari nimejifundisha kwa kuharibu na kutengeneza, na nina mita yangu ya kupimia. Shemeji zangu wenye vyeti wananiita "fundi wa kubahatisha" tangu siku ya posa, na neno hilo limenikaa kifuani miaka kumi na minne. Silitaji kwa kujitetea. Nataka mjue kwa nini neno moja tu, "nimekosea", lilinishinda kulitamka.

Miezi miwili iliyopita baba mkwe alikuja kwetu kutoka Msambweni kutibiwa jicho. Ni mzee wa miaka sabini na minne, mpole, anaishi peke yake tangu mama mkwe afariki, na ndiye aliyekuwa akishika funguo za msikiti wa mtaani kwao na kuadhini alfajiri. Nyumba yetu ni ndogo na watoto wana makelele, kwa hivyo baada ya swala ya alasiri alikuwa akiniomba ruhusa akae ndani ya gari, mlango wazi apate upepo, asikilize mawaidha redioni. Magharibi ikikaribia anazima redio na taa ya ndani, anafunga mlango, ananirudishia ufunguo kwa mikono miwili.

Wiki hiyohiyo gari likaanza kunitesa. Jioni betri inasoma volti 12.6, asubuhi 9.8, nazungusha ufunguo, kimya. Nikapima injini ikinguruma, nikapata 14.2, kumaanisha altaneta ni nzima na betri inachajiwa. Nikasafisha vichwa vya betri, nikakaza nyaya. Wapi! Siku ya nne nasukumwa tena na majirani, mmoja akanitania, "Bwana fundi, kesho tuje na kamba kabisa?" Wakacheka. Wageni wangu wawili wa uwanja wa ndege walikuwa wameshapanda gari la mtu mwingine. Nikageuka, nikamwona mzee amesimama barazani na tasbihi yake, nikamwambia mbele ya watu wote, "Baba, gari si baraza. Kama huwezi kukumbuka kuzima taa, usikae ndani."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alivitazama vidole vyake, akasema, "Taa niliizima." "Au sikuizima?" Kisha, taratibu, "Nisamehe, mwanangu. Huenda ni uzee." Mke wangu aliinamisha kichwa akaingia ndani. Siku mbili baadaye, jicho lilipofunguliwa bandeji, mzee akachukua mkoba wake. Nikamwambia nitampeleka. "La, mwanangu, nisije nikakuharibia tena," akasema, akaenda zake stendi kwa miguu.

Asubuhi iliyofuata gari halikuwaka. Mzee hayupo, redio haikuguswa. Mke alikuwa ameenda sokoni Kombani, hakuona. Ndipo nikafanya nililopaswa kulifanya siku ya kwanza: nikachomoa waya wa hasi, nikaiunga mita kati ya waya ule na betri, nione gari linakula moto kiasi gani likiwa limezimwa. Linatakiwa lisizidi ampea 0.05. Mita ikasoma 1.8. Kwa saa kumi na nne linazolala, hiyo ni zaidi ya nusu ya betri yangu. Nikachomoa fyuzi moja moja, zote kumi na saba, mita haikushuka kwa kiasi cha kuhesabika. Ukabaki waya mmoja tu usiopita kwenye kisanduku cha fyuzi, wa amplifaya ya muziki iliyo chini ya kiti. Niliifunga mimi mwenyewe siku mbili kabla ya mzee kuja. Kwa haraka yangu, waya wa kuiwasha niliupeleka moja kwa moja kwenye betri badala ya kuupitisha kwenye ufunguo, kwa hivyo ilikuwa haizimiki usiku na mchana. Nilikuwa nimepima kila kitu isipokuwa kazi ya mikono yangu. Nikauchomoa. Mita ikasoma 0.03. Nikaazima betri ya jirani, nikaliwasha gari.

Mke wangu aliporudi akaniuliza, "Limewaka?"

"Limewaka."

"Basi kweli alikuwa baba." Akajifuta machozi kwa leso.

Hapo ndipo palipokuwa pangu pa kusema. Nikamjibu, "Si nilikwambia?"

Wiki sita sasa. Kila asubuhi gari linawaka mara moja, na kila likiwaka mke wangu anazidi kuuamini uongo wangu. Mzee amemrudishia imamu funguo za msikiti, anasema hajiamini tena. Hawashi jiko mpaka jirani awepo. Shemeji zangu wameitisha kikao Jumapili hii nyumbani kwake: nyumba ifungwe, ahamie kwa mmoja wao Likoni, orofa ya tatu, mahali asipomjua mtu. Mzee amekubali. Juzi alinipigia simu mwenyewe: "Njoo, mwanangu, uwaeleze. Wewe ndiye uliyeuona mapema usahaulifu wangu. Mwenyezi Mungu akulipe."

Nikisema, shemeji watapata la kunicheka mpaka kaburini, na mke wangu atajua kwamba nilimwacha wiki sita akimlilia baba yake kuwa akili zinamtoka. Nikinyamaza, mzee mwenye akili timamu anahamishwa kwake kwa ushahidi wangu. Nimefikiria kumwomba radhi faraghani, sisi wawili tu, lakini nilimwaibisha mbele ya watu.

Nitukaneni, nimestahili. Ila mkimaliza, ndugu zangu, nishaurini: Jumapili nimwambie mke wangu kwanza kabla hatujatoka nyumbani, au nisimame palepale kikaoni niwaambie wote kwa pamoja?